Nuni ya Tangini

Wapangaji wa nyumba za ghorofa za Ganjoni, upande wa kuteremkia Mbaraki, walimjua Menza wa Gunga kuwa ni mlinzi wa mchana asiyesinzia. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mwembamba, mkavu, na mguu wake wa kulia ulikuwa nusu. Vidole vyote vitano na kipande cha wayo vilibaki kwenye reli mwaka wa sabini na nane, na tangu hapo alikuwa akijaza matambara ndani ya kiatu ili kisimpwaye. Watoto wa pale wakimuuliza, aliwajibu kwamba mguu uliliwa na gari la moshi. Walicheka, wakidhani babu anawatania.

Hakuwa akitania. Kwa miaka saba ya ujana wake Menza alikuwa mdandiaji. Ndivyo walivyojiita wale vijana waliopanda mabehewa ya mizigo bila ruhusa wala tikiti, wakifuata kazi popote ilipokuwa: mkonge upande wa Voi, kahawa Thika, miwa hadi Muhoroni. Msimu ukiisha huku, waliufuata kule. Hawakuwa wezi. Menza alilisisitiza hilo kila alipohadithia. Mdandiaji aliyegusa mzigo alifukuzwa na wenziwe kabla hata askari wa reli hawajamfikia, kwa sababu gunia moja la sukari likipotea, wote waliandamwa mwezi mzima.

Alitoka Kaloleni akiwa na miaka kumi na minane, akakosa kibarua bandarini, na mtu mmoja asiyemjua akamwonyesha mahali pa kupandia. Gari la mizigo likitoka bandarini lilipita Shimanzi, likavuka Makupa, na likifika Kibarani kuanza mlima wa Changamwe lilichoka, likaenda mwendo wa mtu mwenye haraka kidogo. Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa bara zima.

Mambo mengine alijifunza kwa kuona waliokosea. Hulikimbilii behewa, bali unakimbia nalo, bega kwa bega, mpaka uone ngazi yake imesimama karibu nawe kama haiendi. Unashika ngazi ya mbele, kamwe si ya nyuma, kwa sababu mkono ukiteleza kwenye ya mbele utagongwa ubavuni na kutupwa nje, lakini ukiteleza kwenye ya nyuma utaangukia katikati ya mabehewa mawili, na hapo hakuna wa kukuokota. Behewa la mwisho ni la gadi, msimamizi wa gari, usilisogelee. Mbao na mabomba usilale juu yake, husogea. Ukiingia kwenye behewa la mlango, lile lililofunikwa, tia jiwe kwenye reli ya mlango usije ukajifunga, maana wapo waliofungiwa ndani wakafunguliwa siku ya nne wakiwa maiti. Lala miguu ikielekea injini, ili breki ikifungwa ghafla ugonge kwa miguu na si kwa shingo. Beba maji, kamba, gunia, na chumvi kidogo ndani ya kitambaa. Ukishapita Mtito Andei, vaa mfuko wa karatasi wa saruji ndani ya shati, baridi ya huko hailinganishwi na ya pwani. Na kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, usiombe chakula kabla hujauliza kama kuna kuni za kupasua.

Mwaka wa pili alimpata Athmani. Walikutana chini ya turubai moja hapo Changamwe, kila mmoja akidhani mwenziwe ni askari, wakakaa wamebana pumzi mpaka Mazeras, ambapo Athmani alipiga chafya na wote wawili wakaangua kicheko. Athmani alikuwa kijana wa Kibokoni, Mji wa Kale, mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemkimbia baba yake na bakora zake. Hakujua kupanda wala kushuka, lakini alikuwa na mwandiko mzuri ajabu. Menza alimfundisha ngazi ya mbele, naye Athmani akamfundisha Menza herufi tatu za Kiarabu.

Wazo la herufi lilikuwa la Athmani. Wadandiaji wengine walichora picha kwa makaa kwenye nguzo na kuta za stesheni kuwaarifu wanaokuja nyuma, lakini picha hizo askari nao walizijua. Athmani akasema wao watatumia za kwao. Alifu, ule mstari uliosimama wima, ni askari na rungu lake. Lamu, yenye ndoano chini, ni mtego, ruka kabla ya stesheni. Na nuni, bakuli lenye nukta juu yake, ni amani: kuna chakula, hakuna mtu, tulia ulipo. Menza hakuwahi kusoma shule, lakini herufi hizo alizitambua hata gari likienda mbio. Kwa miaka sita walisafiri hivyo, mara wakiwa pamoja, mara mmoja akitangulia, na kila anayetangulia alimwandikia mwenziwe. Menza alikuwa akisema kwamba hakuna siku hata moja alipoona nuni ya Athmani akasita.

Kati ya Voi na Mariakani, ndani ya nyika, kulikuwa na stesheni ndogo ambayo wao wawili waliiita Tangini kwa sababu ya tangi la maji lililokuwa mita mia chache kabla ya kuingia. Injini za moshi zilinywa maji pale. Mahali walipoandikiana zaidi palikuwa mguu wa saruji wa tangi hilo.

Mwaka wa sabini na nane, mwezi wa Ramadhani ukikaribia kwisha, walikuwa wakikata mkonge karibu na Voi. Athmani alitaka kuwahi Idi nyumbani, akatangulia siku moja. Menza alifuata kesho yake, akiwa ndani ya behewa la wazi lililobeba magunia matupu. Saa kumi alasiri gari lilipunguza mwendo, akachungulia, akaiona nuni. Ilikuwa pana, imekolezwa, nukta yake imewekwa sawasawa katikati. Akajilaza tena juu ya magunia.

Walimjia kutoka mbele na nyuma. Askari walikuwa watatu, tena hawakutafuta behewa kwa behewa, walikuja moja kwa moja kwenye lile lake. Menza aliruka upande usio na mtu, akateleza, na wakati uleule injini ikavuta. Alikumbuka kuona kiatu chake kikienda peke yake.

Alilazwa hospitali, kisha akafungwa miezi mitatu. Athmani alikuja kumwona huko hospitali siku ya pili ya Idi, na tende na mkate wa mofa ndani ya kikapu, akalia mpaka wagonjwa wengine wakageuka kumtazama. Alisema kwamba alipopita yeye hapakuwa na mtu, kwamba askari lazima walifika baadaye, kwamba laiti angelijua. Menza, mguu ukiwa umefungwa mabunda ya bendeji, ndiye aliyemnyamazisha. Alimwambia hayo ni majaliwa, asijilaumu.

Alipotoka kifungoni alimkuta Athmani amevaa sare ya reli. Alikuwa amepata kazi, kwanza ya kushika pointi, yaani kugeuza reli na kuandika magari yapitayo, halafu akapanda mpaka akawa gadi wa gari la mizigo, akikaa ndani ya lile behewa la mwisho waliloliogopa. Menza alifurahi kwa dhati. Aliona kwamba Mungu amemfungulia mwenziwe, na mwenziwe hakumsahau, maana ni Athmani aliyezungumza na tajiri mmoja wa ghala la Mbaraki akamtafutia Menza kazi ya ulinzi, kisha ghala lilipofungwa akamtafutia ile ya Ganjoni. Ni Athmani aliyempeleka kwa fundi viatu akamweleza fundi namna ya kuitengeneza soli ya kiatu. Na mkewe Menza, Loise, alipofariki, Athmani alifika Kaloleni kabla ya baadhi ya jamaa, na basi zima la watu wa Kibokoni. Menza alikuwa akiwaambia watu kwamba ndugu wa kuzaliwa naye anao wanne, lakini ndugu wa kuchagua ni mmoja tu.

Kila Jumamosi alasiri, baada ya kukabidhi geti kwa mwenziwe wa zamu, alikwenda Kibokoni. Mwanakuu, mke wa Athmani, alimtengea mahali pake sebuleni, akampakulia yeye kwanza kabla hajampakulia mumewe. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka na miaka.

Halafu Athmani akaanza kusahau. Kwanza alisahau alipoweka miwani, baadaye akasahau kama amekwisha kusali, na mwishowe akasahau sura za watu. Daktari alimwambia Mwanakuu kwamba ugonjwa huo hauna kurudi nyuma. Mwanakuu naye aliwaagiza wote waingiao humo ndani: akikwita kinyozi, kuwa kinyozi, usimbishie, kubishiwa kwamtesa. Menza alikubali. Jumamosi moja alikuwa daktari wa meno, Jumamosi nyingine alikuwa mjomba wake Athmani aliyekufa zamani, na ilimuuma, lakini alikaa, akanywa kahawa yake, akamshika mkono.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili alimkuta Athmani amekaa kwenye kochi karibu na dirisha, kofia imemkaa vizuri, macho makali kama ya siku za kazi.

"Ndoo ukae, kijana," Athmani akamwambia. "Wewe ndiwe ulioletwa leo?"

Menza alisema ndiye. Akafahamu kwamba leo yeye ni mwajiriwa mpya wa reli, amekuja kufundwa na gadi mkubwa. Athmani akamweleza habari za bendera nyekundu na ya kijani, na jinsi ya kuhesabu mabehewa kwa sikio gari linapopita kwenye kiungio cha reli. Yote hayo aliyasema bila kosa. Menza alikuwa akitabasamu, akifikiri kwamba maradhi haya yana ajabu zake, yanamwachia mtu kazi yake na kumnyang'anya mkewe.

Kisha Athmani akainama, akashusha sauti.

"Kazi hii mimi sikuingia kwa mlango, kijana. Naliingia kwa mgongo wa mtu."

Menza alimuuliza, kwa kumfuata tu, mtu gani.

"Mgiriama mmoja, kwa jina Menza. Tulikuwa tukidandia pamoja."

Hapo Menza aliweka kikombe chini. Athmani aliendelea, wala hakuwa na haraka. Alisimulia kwamba siku ile ya Tangini alikamatwa yeye kwanza, akinywa maji chini ya tangi. Mkubwa wa askari alimpekua, akayaona makaa mfukoni, akamuuliza yale maandishi ya Kiarabu kwenye nguzo ni ya nani. Askari walikuwa wameyaona kwa miaka bila kujua maana yake, na walikuwa wakimtafuta sana yule Mgiriama aliyewafundisha wengine namna ya kupanda. Mkubwa yule akamwambia mambo mawili. Akimtoa mwenziwe, yeye atakwenda zake kula Idi kwa mama yake. Na pili, pale stesheni palitakiwa mtu anayejua kuandika.

"Nikawaambia atakuja kesho, kwenye behewa la wazi, kwa sababu hapendi la mlango," Athmani alisema. "Nikaandika nuni. Niliikoleza ili asiikose."

Menza alitaka kunyamaza, lakini sauti yake ilikwisha kutoka.

"Na yeye alijua?"

"Hakujua. Mguu wake ukenda. Nalimwendea hospitali, nikalia, naye ndiye alioniliwaza." Athmani alitazama nje ya dirisha. "Hata leo yuwaja. Kila Jumamosi. Akaa papo hapo ulipo, akanishukuru."

Kisha Athmani akamgeukia kijana wake mpya, akamtazama Menza usoni kwa upole, akamuuliza kama amewahi kupanda gari la mizigo.

Menza aliinuka akaenda jikoni. Mwanakuu alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Alimwona alivyosimama mlangoni, mkono ukishika fremu, na mkono wake yeye ukaacha kukuna. Menza hakuhitaji kueleza. Alimwona jinsi alivyoinamisha kichwa, akajua.

"Tangu lini, shemeji?"

"Aliniambia mwaka wa kwanza wa ndoa," Mwanakuu akasema. "Alikuwa halali. Nikamshurutisha aniambie kimfanyacho halali."

"Na mimi ukawa wanipakulia chakula."

"Ndiyo sababu nikikupakulia wewe mwanzo."

Menza alitoka kwa mlango wa uani. Alitembea kutoka Kibokoni mpaka Ganjoni kwa miguu yake, mzima na nusu, akikataa kila tuktuk iliyomsimamia, na alipofika alikuta matambara yamelowa damu.

Jumamosi iliyofuata hakwenda, wala ile iliyoifuata. Kukaa getini mchana kutwa kulimpa nafasi kubwa mno ya kufikiri. Kilichomla si mguu. Mguu alikuwa ameusamehe zamani, maana aliudhani wa majaliwa, na majaliwa hayana mtu wa kugombana naye. Kilichomla ni wema. Aliurudia mmoja mmoja. Kazi ya Mbaraki, je, ilikuwa upendo au ilikuwa dawa ya usingizi wa Athmani? Fundi viatu? Basi la watu waliokuja kumzika Loise? Alikumbuka jinsi alivyosimama siku hiyo mbele ya ukoo wake wote na kumshukuru Athmani kwa jina, na jinsi Athmani alivyotazama chini, na watu wakasema ni mtu mnyenyekevu. Kila alichokuwa akijivunia sasa kilikuwa na mtu mwingine ndani yake, mtu aliyekuwa akijua.

Na zaidi ya hapo, alikumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemliwaza. Jambo hilo lilimfanya aone haya hata akiwa peke yake.

Binti yake Mirriam, aliyekuwa akiishi naye na kufundisha shule ya chekechea hapo jirani, aliona baba yake hali chakula wala hatembei siku za Jumamosi. Alimbana mpaka akamweleza. Mirriam alikasirika kuliko yeye. Alisema aende akamwambie mbele ya wanawe wote, watu wa Kibokoni wajue, mzee yule asifiwaye kila baraza.

"Nikamwambie nani?" Menza alimuuliza. "Nikimwambia leo, kesho atanikaribisha kazini."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kupita yote. Aliyemsaliti alikuwa ameondoka na kuuacha mwili wake umekaa dirishani, na siri ameitua mapajani mwa Menza kama mtu anayemkabidhi mzigo mpita njia.

Mwezi wa nne, siku ya Jumatano, simu yake ililia saa tano asubuhi. Ilikuwa namba ya Mwanakuu. Menza aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza, ikalia tena, ndipo akapokea. Mwanakuu alisema Athmani ametoka tangu alfajiri. Wanawe wamezunguka misikitini, sokoni, kivukoni, kwa jamaa wote, hawajamwona. Hakumwomba kitu. Alisema tu kwamba wamekwisha tafuta kila mahali wanapopajua wao.

Menza alikaa na simu mkononi. Mahali asipopajua mtu wa nyumba ile, anapopajua yeye peke yake, palikuwa mahali pamoja tu. Aliweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua, kama yeye alivyokuwa hajui kwa miaka arubaini na sita. Fikira hiyo ilimjia waziwazi, akaitazama, na ikamchukiza. Akamwomba mwenziwe ashike geti, akachukua tuktuk mpaka Kibarani.

Pale palikuwa pamebadilika. Jalala kubwa lililokuwa likinuka mpaka Makupa lilikuwa limefukiwa na kupandwa miti, na upande wa pili magari ya mizigo ya barabarani yalijipanga yakingurumisha. Reli ya zamani ilikuwa imemezwa na majani. Athmani alikuwa amesimama kando yake kwenye mwinuko, kanzu imejaa vipande vya majani makavu, viatu mkononi. Alikuwa amesimama mahali hasa, hatua tatu chini ya kichaka, pale ambapo aliye kwenye injini hawezi kumwona. Ni Menza aliyemfundisha kusimama pale.

Alipomkaribia, Athmani aligeuka, na uso wake ukafunguka.

"Menza," akasema.

Ilikuwa mwaka na nusu hajamwita kwa jina hilo. Menza alihisi furaha, na akaikasirikia.

"Mbona huji tena?" Athmani akauliza. "Nakungoja kila Jumamosi."

Yalikuwa macho ya Athmani mwenyewe, yule wa chini ya turubai. Menza alijua kwamba nafasi hii haitakuja mara ya pili. Alikuwa amepanga maneno mengi kwa muda wa wiki nane, na yote yalimkimbia.

"Nimeijua habari ya Tangini," akasema. "Umeniambia mwenyewe."

Athmani alimtazama. Menza aliona, na hata baadaye aliapa kwamba aliona, maana ya maneno ikimfikia, ikiingia mpaka ndani kabisa. Macho yalijaa maji. Kisha Athmani aligeuza uso polepole, akaitazama reli iliyoota majani, akanyoosha shingo kuelekea Makupa.

"Gari la saa sita lachelewa," akasema. "Wewe wenda wapi, bwana?"

"Athmani."

"Mimi nenda Voi. Kuna kazi ya mkonge."

Menza alimwita tena, na tena, kwa sauti ya chini. Athmani hakugeuka. Alikuwa amesimama, viatu mkononi, mtu anayengoja gari. Na Menza hakujua, na hatajua, kama ugonjwa ndio uliomchukua wakati ule au kama Athmani aliuona mlango wake umefunguka akaingia ndani yake kwa hiari, akaufunga. Alikuwa akimjua vyema. Siku zote alikuwa hodari wa kuruka kwa wakati.

Alimpigia Mwanakuu simu akamwelekeza mahali. Kisha alikaa juu ya jiwe, mbali kidogo, akamlinda asiteremke barabarani, mpaka wanawe wawili walipofika na gari. Walimshukuru sana, wakamwita baba, wakamsihi apande wamshushe Ganjoni. Alisema ana shughuli upande ule. Hakuwa na shughuli yoyote.

Siku tano baadaye Mwanakuu alikuja mwenyewe Ganjoni. Hakuwahi kufika pale hata siku moja. Alisimama nje ya geti ndani ya buibui lake, akatoa masalkheri, akauliza kama anaweza kuingia. Menza alimpa kiti chake, yeye akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Waliulizana hali kwa kirefu, kama ilivyo desturi, habari za watoto, za afya, za joto. Athmani hajambo, alisema, hasemi sana tangu siku ile. Kisha akafunua alichojia.

"Nimekuja kukutaka radhi, shemeji. Ya Athmani na yangu."

Menza alifikiri kabla ya kusema, maana huyu alikuwa mtu wa kumsikia na kukumbuka.

"Ya Athmani iache," alisema. "Yeye hayuko wa kunijibu. Lakini wewe ulikuwa na akili zako, shemeji, miaka yote. Ulikuwa ukiniona nikimshukuru, na wewe ndiwe uliyeshika sinia."

Mwanakuu alikubali kwa kichwa. Alisema hakuwa na la kujitetea isipokuwa moja.

"Ningekwambia, ungekuja tena kwetu?"

"Nisingekuja."

"Basi ndilo nililoogopa. Angebaki hana mtu. Na wewe pia."

"Huenda," Menza akasema. "Lakini ningechagua mwenyewe kubaki bila mtu. Nyinyi wawili mlinichagulia."

Mwanakuu alifuta uso kwa pindo la mtandio. Walikaa hivyo kwa muda, wazee wawili kando ya geti, wapangaji wakiingia na kutoka na kuwasalimu wote wawili kwa pamoja, wakidhani ni mgeni wa kawaida. Menza hakumwambia ondoka, wala hakumwambia nimekusamehe. Neno hilo alilitafuta kwa uaminifu, na hakulikuta.

Ilipokaribia sala ya alasiri Mwanakuu aliinuka. Menza alisimamisha tuktuk, akamwambia dereva aende taratibu kwa sababu mama ana maumivu ya mgongo, akamsaidia kupanda. Mwanakuu alimshika mkono kupitia upande ulio wazi, akamwambia Jumamosi chakula kitakuwapo, aje asije kitakuwapo. Menza akamjibu kwamba amesikia.

Hajaenda mpaka sasa. Siku za Jumamosi huchukua zamu ya mwenziwe, ya jioni, na Mirriam humletea wali getini. Hula akiwa amesimama.